Siivii ya Syahuka

Teopista Kabugho aliwaandikia watu wa Bwera siivii, yaani wasifu wa kuombea kazi, kwa miaka ishirini na kitu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo hata moja. Hakuna aliyemwomba. Kazi yake ya kwanza, kuchapa barua za chama cha ushirika cha pamba, aliipata kwa sababu meneja alipita dirishani mwa darasa la wasichana waliokuwa wakijifunza kuchapa, akasikia mashine moja inakwenda bila kusita, akauliza huyo ni binti wa nani. Jumatatu iliyofuata akaanza kazi. Chama kilipokufa, naye akabaki na taipureta na jina zuri, alikodi chumba kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Kongo pale Mpondwe, akaandikisha mlangoni kwa rangi ya bluu: TUNACHAPA KILA KITU.

Kila kitu maana yake ilikuwa barua za kuomba ruhusa, kumbukumbu za vikundi vya kina mama, ratiba za mazishi na mialiko ya harusi. Lakini kilichompa heshima ni siivii, na siivii zenyewe zilianza na mtu mmoja. Mwaka 1996 alikuja kijana aitwaye Fred Syahuka, mwembamba, viatu vimechoka, anatafuta kazi ya serikali Kampala. Teopista alikaa naye siku mbili nzima wakichambua kamusi. Walipomaliza walikuwa na kurasa tatu za Kiingereza kilichopigwa pasi: kwamba Syahuka ni mtu mwenye bidii na mwaminifu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, anapenda kusoma riwaya, kutazama mpira na kupata marafiki wapya. Syahuka akapata kazi. Krismasi ya mwaka ule alirudi nyumbani na gari la ofisi, na watu wakasema ni siivii. Kulikuwa na mjomba wake katika wizara ileile, na Teopista alilijua hilo tangu mwanzo, ila aliliweka pembeni kichwani mwake na hakutaka kulifikiria.

Tangu siku hiyo kila aliyeingia dukani alisema neno moja: "Mama, nifanyie ile ya Syahuka." Kompyuta ilipokuja, Teopista aliichapa siivii ya Syahuka mara ya mwisho, akaihifadhi, na kuanzia hapo akawa anabadilisha jina, kijiji, miaka ya shule na majina ya watu watatu wa kuulizwa habari. Kazi ya robo saa. Tusimseme kwamba alikuwa mvivu. Fundi akishapata kipimo cha suruali inayokaa vizuri mwilini, kwa nini akate nyingine kwa kubahatisha? Watu wote wa Bwera wakawa na bidii na uaminifu, wote wakapenda riwaya, hata wale ambao tangu watoke shule hawakuwahi kushika kitabu isipokuwa cha nyimbo za kanisani.

Picha za siivii zilipigwa mlango wa pili, kwa Siraje. Siraje alikuwa na koti jeusi moja lililoshonewa kola nyeupe na tai kwa mbele, na mgongoni lilikuwa wazi, mtu analivaa kama aproni na kufungwa kwa kamba. Lilimtosha mnene, lilimtosha mwembamba, lilivaliwa na wanaume na wanawake. Mtu aliingia kwa Siraje na fulana ya mpira akatoka kwenye picha akiwa meneja wa benki. Teopista alilipenda sana koti lile. Alisema ndilo linalomtenganisha mtu na shamba.

Mwezi wa pili mwaka 2017 aliingia dukani Shallon, binti wa rafiki yake Eseza wa Kyarumba. Eseza na Teopista walisoma dawati moja wakiwa wadogo, kwa hiyo Shallon alimwita Teopista mama bila kujifikiria, na Teopista alimtazama kama wake. Binti alikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada ya kilimo. Alikuwa wa pili kuzaliwa kati ya mabinti wa Eseza, ndiyo maana jina lake la nyumbani lilikuwa Biira. Wakonzo humpa mtoto jina kwa nafasi aliyozaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho kama Teopista mwenyewe. Ukiita Biira sokoni Mpondwe siku ya Ijumaa, watageuka wanawake hamsini.

Kulikuwa na kampuni moja ya kununua kahawa iliyofungua ofisi mjini Kasese. Ilitaka afisa wa kukaa na wakulima wa Kyarumba, awafundishe kupogoa na kukausha buni kwenye chanja. Kazi ya mkataba wa miaka mitatu, yenye pikipiki. Shallon aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Ilikuwa palepale kwao, ilikuwa ni kile alichosomea, na ukweli ni kwamba alikuwa tayari anaifanya bure.

"Mama, mimi sitaki ile ya Syahuka," alisema, akiwa bado amesimama.

Teopista akavua miwani. "Iko na nini?"

"Haiko mubaya. Lakini mimi niko na ukurasa yangu kwa Fesibuku. Watu elfu nne beko wanaifuata. Nataka uandike tu jina ya ukurasa juu kabisa, bosi akiifungua ataona kazi yangu yote."

"Hebu fungua na mimi nione."

Shallon akavuta kiti, akaufungua kwenye kompyuta ya dukani. Ukurasa uliitwa Biira wa Buni. Teopista akausogeza uso wake karibu. Picha ya kwanza ilimwonyesha Shallon katikati ya mibuni amevaa gambuti, sketi ameikunja kiunoni, kinywa wazi, anaeleza jambo. Ya pili amepiga magoti, mikono yote miwili imezama kwenye mboji nyeusi. Ya tatu ameshika msumeno wa kupogolea, jasho linamtiririka, wazee sita wamemzunguka wanacheka, na kwapani blauzi imeachia mshono. Chini ya kila picha watu walikuwa wameandika maswali, naye alikuwa amejibu moja baada ya jingine, mengine kwa Lukonzo, mengine kwa Kiswahili: majani yakigeuka manjano fanya hivi, ukiona vidudu vyeupe fanya vile.

"Nani alipiga hii picha?"

"Masereka, kaka yangu."

"Na hakukuambia ufunge mudomo?"

Shallon akacheka. Teopista hakucheka. Alikuwa amesikia redioni kwamba siku hizi mabosi huwachungulia watu mtandaoni kabla ya kuwaita, na kwamba mwalimu mmoja alikosa kazi kwa sababu ya picha aliyopigwa akiwa na chupa mkononi. Tangu hapo aliogopa mtandao kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani ambaye hajamuuma bado. Na hapa mbele yake alikuwa mtoto wa Eseza, mwenye stashahada, anaonekana duniani kote na matope hadi magotini.

"Mutoto wangu, sikiliza," alisema. "Mabosi banaangalia hii vitu. Bakikukuta hivi, banasema huyu ni mulimi tu."

"Lakini kazi iko ya walimi, mama."

"Kazi iko ya ofisi, ya kusimamia walimi. Kama bangetaka mulimi, bangechukua mama yako, na yeye hana diploma."

Hoja hiyo ilikuwa mbovu, lakini ilisemwa na mtu mkubwa, kwa sauti ya upendo, na mtoto aliyelelewa vizuri huko milimani haendelei kubishana na rafiki wa mama yake. Teopista akamwambia aufunge ukurasa mpaka kazi ipatikane, halafu atajua mwenyewe. Juu ya skrini palikuwa na namba ndogo nyekundu.

"Kuna ujumbe imeingia," Shallon alisema. "Leo asubuhi. Ya mutu mimi sijui."

"Ni bavivu banatafuta wasichana. Achana nayo."

Shallon aliuweka mkono wake juu ya kipanya akautazama ule ukurasa kwa muda. Kisha akabonyeza alipoambiwa abonyeze, na Biira wa Buni akatoweka. Teopista alimpiga begani kwa furaha, akampeleka mwenyewe kwa Siraje, akamfunga kamba za koti mgongoni kwa mikono yake. Picha ilitoka nzuri. Shallon alionekana mtulivu, safi, na mtu mwingine kabisa.

Siivii ilichapwa kwenye karatasi nene. Teopista hakumtoza kitu. Jina aliliandika kwa mtindo wake wa siku zote, Biira kwanza, na chini yake bidii, uaminifu, riwaya na marafiki wapya. Shallon aliomba aongeze angalau mstari mmoja kuhusu wakulima anaowafundisha. Teopista alisema siivii si mahali pa kupiga hadithi, na kurasa tatu zimeshajaa. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote: alipanda gari la asubuhi akaipeleka bahasha ya kaki Kasese kwa mkono wake. Kule ofisini msichana wa mapokezi aliiweka juu ya rundo la bahasha nyingine, nyingi zikiwa wazi, na Teopista akazitambua nusu yake kwa jinsi karatasi zilivyobanwa, pini mbili kwenye pembe ya kushoto. Zilikuwa zake. Alirudi Bwera kifua mbele.

Hakuna aliyepiga simu. Wiki zikapita, mwezi wa tatu ukaisha, na mwezi wa tano wakasikia kazi amepewa kijana aitwaye Davis, wa kutoka mbali, asiyejua hata kusalimia kwa Lukonzo. Teopista alimwambia Shallon lile analowaambia wote: kazi kama hizi ziko na wenyewe. Ni maneno yanayotuliza. Hayamlaumu aliyekosa, na hayamlaumu aliyemwandikia.

Mwezi wa nane, siku ya soko, mwanamke mmoja aliyejifunga hijabu ya kijani aliingia dukani na rundo la fomu. Alijitambulisha kama Aminah, wa ile kampuni ya kahawa, anayeshughulikia wafanyakazi. Alikuwa safarini kuandikisha wakulima wa upande wa Bwera, fomu zimemwishia, anahitaji nakala mia mbili. Teopista akawasha mashine. Wakati inanguruma, kijana mmoja aliingia kutoka kwa Siraje, picha zake bado zina unyevu, akaziweka mezani apate siivii. Aminah akainua moja.

"Hili koti mimi nalijua," alisema.

Teopista akatabasamu. "Ni ya jirani yangu. Kila mutu hapa anaivaa."

"Basi ni wewe." Aminah akaketi, akaanza kucheka polepole, si kwa ubaya. "Mama, tangu mwezi wa pili nataka kumwona mtu anayeandika siivii za huku. Tulipata maombi mia tatu, na kama mia moja hivi yalikuwa ni mtu mmoja. Wote wana bidii, wote wanapenda riwaya. Mimi na bosi tulizipanga picha kwenye meza, tukaona koti hilohilo, tai ileile, vichwa tofauti. Bosi alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akasema rundo lote la Bwera liwekwe kando, kwa sababu mtu asiyeweza kusema habari zake mwenyewe hawezi kumfundisha mwingine."

Mashine iliendelea kutoa nakala. Teopista alizipanga, akazigonga mezani zikae sawa, akazipanga tena.

"Na hakukuwa na hata mumoja?" aliuliza.

"Alikuwepo mmoja, lakini hakuwa kwenye bahasha. Tulimpata Fesibuku. Biira wa Buni. Bosi alikaa saa nzima anatazama video za yule binti, hata Lukonzo hajui, anatazama tu mikono. Akaniambia, huyu ndiye, mwandikie leo. Nikamwandikia aje Kasese siku ya Jumatano. Hakujibu, na jioni ile ukurasa ukapotea. Tukafikiri labda amepata kazi kwingine, au zile picha aliziiba. Nikasema nitafute kwenye bahasha. Mama, Biira walikuwa kumi na tisa, wote ndani ya koti, midomo imefungwa, sikuweza kumtambua. Nilipiga simu sita. Wawili hawakupatikana, wanne wakaniambia wanapenda kusoma riwaya. Jumatano ikafika, tukamchukua Davis."

"Na Davis anafanya vizuri?"

"Davis anaogopa mlima," alisema Aminah. "Anawafundisha wakulima kutoka barabarani."

Hapo Teopista angeweza kunyamaza. Duka lilikuwa lake, mteja alikuwa wa kupita, na siku ile hakukuwa na shahidi. Lakini alisema. Alisema yule Biira ni mtoto wa rafiki yake, picha hakuiba, na aliyemwambia afunge ukurasa ni yeye Teopista, kwenye kompyuta hiihii, huku ujumbe ukiwa umeshaingia. Aminah hakucheka tena. Alimtazama mwanamke huyu mwenye mvi aliyeshika karatasi mia mbili, akashusha sauti.

"Mkataba wa Davis siwezi kuvunja. Lakini mwezi wa kumi na moja tunafungua kituo kingine Kisinga. Mwambie arudishe ukurasa wake. Siahidi kitu, lakini bosi akiuona, hatauliza siivii."

Aminah alipoondoka, Teopista alimwambia kijana wa picha arudi kesho. Akafunga mlango nusu, akafungua kompyuta, akaingia kwenye faili lililoitwa Syahuka. Ndani yake yalikuwemo majina mia sita na zaidi. Aliyasoma kuanzia juu. Huyu sasa anauza simu mpakani. Huyu alikwenda Kongo kutafuta dhahabu. Huyu alikuwa fundi umeme mzuri ajabu, aliwahi kuitengeneza mashine yake ya fotokopi kwa kisu na kipande cha waya, na Teopista alimwandikia anapenda kutazama mpira. Kwa kila mmoja alikumbuka kitu ambacho hakukiandika. Wengi walirudi kwake mara mbili, mara tatu, na kila mara aliwapa ileile, kwa kuwa Syahuka alipata kazi. Sasa lile jambo la mjomba alilokuwa amelikwepa miaka yote lilimjia lenyewe, likamkalia moyoni. Aliona uchungu mkubwa. Alijiona kama mtu aliyewavika watu kofia nzuri iliyofunika macho, akawasukuma barabarani.

Hata hivyo Kisinga ilikuwepo, na mwezi wa kumi na moja haukuwa mbali. Jumapili baada ya ibada alipanda gari akashukia Kinyamaseke, akachukua boda hadi Kyarumba, na kutoka pale akapanda kwa miguu, akipishana na wanawake wenye mafungu ya kuni kichwani waliomsalimia bila kupunguza mwendo. Alikuwa na miaka hamsini na minane na magoti yake yalimkumbusha hilo kwenye kila kona. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Aliyachapa kichwani, akayafuta, akayachapa tena.

Eseza alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Shallon alikuwa peke yake uani, anachambua maharage. Alimkaribisha, akampa kigoda na maji, akauliza habari za Bwera, za duka, za Siraje, kwa adabu na kwa utulivu. Teopista alisubiri salamu ziishe, kisha akayasema yote kwa mkupuo, koti, Biira kumi na tisa, ujumbe, Jumatano. Maneno aliyoyapanga yote yaliruka. Alipomaliza alikuwa analia.

Shallon aliendelea kuchambua maharage.

"Mama, mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilifungua tena ukurasa mwezi wa nne. Nilikuta ile ujumbe ya Aminah. Siku yake ilikuwa imepita."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ili ufanye nini? Weye mwenyewe ulipeleka bahasha mpaka Kasese. Ulinifunga koti. Ulifurahi sana siku ile."

Teopista alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akamweleza habari za Kisinga. Akasema arudishe tu ukurasa, leo hii, yeye mwenyewe atampigia Aminah simu, na siivii ya Syahuka ameshaifuta yote kwenye kompyuta. Hilo la kufuta lilikuwa kweli. Alikuwa amelifanya Jumamosi, na mkono wake haukusita.

"Haiko tena," Shallon alisema.

"Si umesema uliifungua?"

"Niliifungua, halafu nikaifuta kabisa. Picha zote, video zote. Na zilikuwa hapo tu, kwa simu ya Masereka hazikuwa."

"Kwa hasira?"

"Hapana." Shallon akaweka ungo chini. Alisema polepole, kama anayetafuta neno asimuumize mtu. "Ya kazi nililia siku moja, ikaisha. Kazi inaweza kukuja ingine. Lakini nikaanza kutazama zile picha moja moja. Mbele nilikuwa nikizitazama naona buni. Siku ile sikuona buni tena. Niliona matope, niliona kinywa yangu iko wazi, niliona nguo imechanika kwapa na wazee banacheka. Nikajiuliza, watu elfu nne, walikuwa wanacheka nini? Ile weye uliona, na mimi nikaiona. Nikafuta."

Teopista alitaka kusema picha zilikuwa nzuri. Akasema. Akasema bosi alitazama mikono yake saa nzima, mikono tu, na kwamba wazee walikuwa wanacheka kwa raha ya kujifunza, mtu yeyote angeona. Shallon alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mbona siku ile hukusema hivyo, mama?" aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua tu.

Teopista alipoinuka kuondoka, Shallon alimfungia maharage kwenye mfuko, akavaa kandambili akamsindikiza, kama inavyopasa. Kwenye mteremko alimshika mkono. Walipofika kwenye shamba la Erifazi, jirani yao, mzee huyo aliwaona akatoka katikati ya mibuni yake na tawi mkononi.

"Biira," aliita. "Mungu amekuleta. Hii buni yangu majani inageuka, mistari yote mbili ya juu. Pita dakika moja utuonyeshe, watoto beko hapa wote na jirani wako hapa."

Kweli nyuma yake walikuwa wamesimama watu kama saba, na wote wakawa wanamtazama Shallon. Teopista akaachia mkono wake. "Nenda," alimwambia. "Mimi nitakaa hapa juu ya jiwe. Sina haraka."

Shallon alilitazama tawi kwa mbali. Kwa muda mfupi midomo yake ilianza kufunguka, kama mtu anayelijua jibu. Kisha akaivuta kanga yake chini ifunike miguu, akaweka kiganja mbele ya kinywa, akatazama pembeni.

"Siku ingine, tata," alimwambia mzee kwa sauti ndogo. "Leo sikuvaa vizuri."

Erifazi alisema haya, si neno, akarudi shambani na tawi lake. Teopista alibaki amesimama njiani, mfuko wa maharage mkononi, mpaka Shallon alipomshika tena mkono na kumwambia aangalie, pale mbele panateleza.